Maduka Aliyopita Baba Kwenda Kula Tambi

Mimi ni mwoga. Watu wa mtaani kwetu hawataamini, maana wananijua kwa mdomo. Nikigombana na mtu sokoni sauti inafika msikitini, na imamu ameshanitumia salamu zaidi ya mara moja. Lakini mdomo ni mdomo na moyo ni moyo. Tangu baba yangu aanze kusahau, sijaamka asubuhi hata moja bila hofu.

Tunaishi wawili, mimi na yeye, katika nyumba niliyozaliwa, hapa hapa Bagamoyo mjini, nyuma ya soko. Mimi nashona. Cherehani yangu iko barazani. Napinda khanga, nashona magauni ya watoto na sare za shule. Baba alifanya kazi maisha yake yote katika duka moja la vitambaa, la familia ya Waarabu ambao babu zao walitoka Omani. Aliingia pale kijana wa kufagia, akatoka mzee ambaye wenye duka wenyewe humwuliza bei. Duka lile siku hizi linauza simu na vifuniko vya simu, na mbele yake pana spika inayopiga kelele kutwa.

Kusahau kwake kulianza kidogo kidogo. Majina kwanza. Halafu akasahau kwamba mama alishafariki. Mara za mwanzo nilimkumbusha, na kila nikimkumbusha alikuwa analia upya, msiba mbichi kabisa, anauliza kazikwa lini na mbona hakuitwa. Nikaona haya ni mateso, nikaacha. Sasa akiuliza, nasema, "Yuko arusini." Yeye husonya na kusema, "Arusi gani hii isiyokwisha?" Tunacheka wote wawili, mimi nacheka kwa meno.

Kitu kimoja hakukisahau. Kila asubuhi, jua likishatoka, anaoga, anavaa kanzu na kofia yake ya kazi ya mkono, anaingiza miguu kwenye makubadhi, anakwenda kula tambi.

Mgahawa wenyewe usiufikirie mkubwa. Ni chumba cha mbele katika nyumba kongwe ya mawe, na mabenchi ambayo ukikaa vibaya yanakuangusha. Mwenyewe tulimwita Mama wa tambi, na ndilo jina lililomtosha. Alikuwa anazivunja tambi kavu kwa mkono, anazikaanga kwa samli mpaka zigeuke rangi ya kahawia, anamimina tui na sukari na iliki, halafu anafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Ukizila unajua umefungua kinywa. Wengine hapa mjini wanapika tambi za futari mwezi wa Ramadhani tu, tena mabonge, wakajiita wapishi. Mimi sitaji mtu.

Kaka yangu yuko Dar. Alipoanza kuniambia kwenye simu nisimwache baba atoke peke yake, nilimjibu kwamba baba akila tambi zake anarudi mzima, miguu inaijua njia. Nilisema vile kwa ushupavu, lakini nilipokata simu hofu ikaniingia. Kwani miguu inajua nini? Kesho yake nikajifunika mtandio, nikamfuata kwa nyuma kama mke mwenye wivu.

Hapo ndipo nilipoona anavyokwenda. Akitoka kwetu alikuwa anakwenda moja kwa moja mpaka kwa kinyozi, kwenye mlango wa kijani. Anamsalimu kinyozi, anauliza watoto hawajambo, na wakati anauliza anaweka kiganja kwenye mwimo wa mlango. Akishauweka mkono pale, anakata kushoto. Anakwenda mpaka duka la mafuta ya taa na vibiriti, anasalimu, anapita baina ya magunia ya mkaa. Kisha fundi viatu aliyekaa chini ya ngazi, salamu nyingine. Baada ya hapo harufu ya samli inampokea yenyewe, anaifuata mpaka kwenye benchi lake.

Nilisimama pale njiani. Nilielewa kwamba baba hajui mtaa wowote. Anajua maduka. Ameyapanga moja baada ya jingine, na ukimwondolea moja, yanayofuata yote hayapo.

Na mji wetu siku hizi umeshikwa na homa ya kubadilika. Leo hapa duka la dawa, kesho wanauza vigae. Aliyekuwa anauza mkate anauza mawigi. Wageni wanakuja na habari za bandari na viwanda na miwa ya huko Makurunge, kila mwenye kibanda anajiona tajiri mtarajiwa, anapandisha kodi. Zamani nilikuwa nafurahi nikiona duka jipya. Nilikuwa wa kwanza kuchungulia. Baada ya siku ile, nikiona mtu kasimama na fundi anapima mlango kwa futi, roho inaniruka.

Kinyozi ndiye aliyetangulia. Alihamia Bunju kwa shemeji yake. Mahali pake akakaa msichana wa wakala wa pesa, na kampuni moja ya simu ikatuma vijana na ndoo za rangi. Wanapaka duka lako bure, ilimradi likubali kuvaa rangi yao, rangi kali inayowasha macho. Nilikuwa natoka kununua uzi nikawakuta wameshafika kwenye ukuta.

"Huo mwimo hamuupaki!" nikasema.

"Dada, sisi tumetumwa," akajibu mmoja, brashi mkononi.

"Aliyekutuma mwambie aje anipake mimi kwanza."

Msichana wa wakala akatoka nje, kabana simu kwenye bega, akaniuliza kuna tatizo gani. Kabla sijamjibu, baba akatokea. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Akamsalimu yule msichana kana kwamba amemjua tangu kuzaliwa kwake, akauliza nyumbani hawajambo, akaweka kiganja kwenye mwimo. Kumbe walikuwa wameshaupaka, rangi ilikuwa mbichi. Akautoa mkono, akautazama. Akautazama mlango. Akautazama mkono tena.

Hakukata kushoto. Alisimama pale pale, na watu wakampita, na pikipiki ikampigia honi. Nikasubiri nikisema moyoni, Yarabi, atageuka sasa hivi, atageuka. Hakugeuka. Mwishowe nikamshika mkono wenye rangi nikamwambia, "Baba, twende huku." Akanifuata.

Yule msichana hakuwa mbaya, nisimsingizie. Nilimkuta jioni nikamweleza, akasema kwao Tanga ana bibi wa hivyo hivyo. "Asubuhi nitakuwa nasimama hapa mlangoni, dada. Nikimwona nitamwamkia, nitamwonyesha kwa mkono." Na kweli alisimama. "Shikamoo babu, karibu upande huu." "Marahaba mjukuu wangu." Na baba akawa anakata kushoto kwa mkono wa yule binti.

Ningetulia, lakini sikutulia. Nilianza kuwaendea wenye maduka wote wa njia ile, mmoja mmoja, nawauliza wana mpango gani. Fundi viatu aliniambia yeye ataondoka pale siku watakapombeba. Wa mafuta ya taa aliniuliza kama siku hizi nimekuwa mtu wa kodi. Walinicheka, na mimi nikawatukana kwa adabu, lakini usiku wote huo nilikuwa nahesabu nani mzee, nani ana deni, nani mwenye nyumba wake ni mkorofi. Maisha ya baba yangu yalikuwa yamening'inia kwenye mikataba ya fremu za watu.

Sikumfikiria Mama wa tambi. Huyo nilimwona kama ukuta wa msikiti, upo tu.

Ilikuwa baada ya Idd. Nilipita kwake kuchukua bakuli langu, akanivuta ndani, akanikalisha kwenye benchi, akafunga nusu ya mlango.

"Mwanangu, magoti yameniishia," akasema. "Na mwenye nyumba amefariki huko Maskati. Wanawe wameipangisha nyumba yote kwa vijana wa Dar. Mimi nakwenda kwa mwanangu Mbegani, nikalee wajukuu."

Badala ya kumpa pole, unajua nilisema nini? "Na baba yangu je?"

"Kwani hapa ni hospitali?" akanijibu kwa ukali. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya khanga, na mimi nikajifuta, tukawa tunalia kama tuliofiwa, na juu ya jiko tambi zinaungua. Tulipozisikia harufu tukaruka wote wawili.

Akanifundisha. Nilikwenda kwake kila jioni mpaka alipofunga, akaniongoza mkono. Samli isichemke sana. Tui la kwanza liweke pembeni. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Nilijiambia hofu ya nini, baba anataka tambi, tambi nitampikia mimi, hatakuwa na haja ya kutoka. Nilijiona mjanja.

Asubuhi ya kwanza nilipika zikatoka vizuri, Mama wa tambi mwenyewe angezikubali. Baba akakaa kwenye mkeka, akanawa, akapiga bismillahi, akala sahani nzima. Roho yangu ikatulia. Akanawa tena, akanitazama kwa upole.

"Ahsante sana mama, umenikirimu," akasema. "Sasa niruhusu nikapate kifungua kinywa."

Akasimama akavaa kofia.

Hilo neno mama amekuwa akiniita tangu utotoni, maana nimechukua jina la mama yake. Lakini safari hii sikujua analisema kwa binti yake au kwa mwanamke fulani aliyemkaribisha chakula. Sikumwuliza. Niliogopa jibu. Nikachukua mtandio nikatoka naye.

Tulipofika, mlango ulikuwa wa vioo. Ndani kumewekwa viti vya chuma na taa zinazoning'inia, ukutani picha ya bakuli linalotoa moshi. Wale vijana wa Dar nao wanauza tambi, tazama mambo ya Mungu. Tambi ndefu za kukaanga na mayai na kabichi na soya sosi, kwa kuku au kwa kamba. Nitasema kweli, ni tamu. Nilikula sahani yangu nikaimaliza. Mpishi alijifunza kwenye kambi ya barabara kwa Wachina, anazirusha hewani na kuzidaka, watoto wanasimama kioo kizima kumtazama.

Baba aliletewa yake na uma. Akaingiza uma, akanyanyua, tambi zikanyanyuka nazo mpaka usawa wa pua, hazikatiki.

"Hizi nywele za nani?" akauliza.

Kijana aliyetuletea alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikacheka. Kisha nikamwona baba. Alikuwa anaangalia kuta, anaangalia taa, anaangalia mahali benchi lake lilipokuwa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamka katika chumba asichokijua. Katika ugonjwa wote ule sikuwahi kumwona akiogopa. Kuogopa ilikuwa kazi yangu. Akaweka uma chini taratibu ili asiwaudhi wenyeji, akaniinamia sikioni.

"Twende zetu," akasema. "Nyumba siyo hii."

Tangu siku ile hakuacha kutoka. Alikuwa anaitafuta. Asubuhi tunakwenda wote, anafika pale penye vioo, anatazama, anasema siyo, anataka kuendelea mbele. Namrudisha. Kesho yake hivyo hivyo. Nilimwambia pamefungwa, akasema basi watakuwa wamehamia, tuwaulize. Na kila siku alitaka kufika mbali kidogo kuliko jana.

Sasa mimi nami nashona ndipo nile. Siku moja asubuhi na mapema akaja mama mmoja na gauni la sherehe, anadai zipu nimeipinda. Zipu haikupinda, yeye ndiye aliyenenepa. Nikamwambia hivyo. Tukakoroga maneno pale barazani, tukarudiana, mpaka jirani akatoka kutuamua. Nilipogeuka kuingia ndani, makubadhi ya baba hayakuwepo mlangoni.

Nilikimbia kwa wakala. "Amepita, dada," akasema. "Nimemwamkia, kaitikia vizuri."

Nikakimbia mpaka kwenye vioo. Wamemwona. "Ametusalimia, akauliza wazazi hawajambo, akaenda." Ameenda wapi? Hawajui. Hawakumwuliza.

Nikaenda sokoni. Muuza samaki amemwona, amemwamkia, ameitikia. Muuza nazi amemwona. Stendi, mwuza tiketi amemwona, tena amesema mzee alikuwa katika hali nzuri, kamwombea dua. Kila niliyemshika ananipa habari ile ile huku anatabasamu: shikamoo, marahaba, nyumbani hawajambo, alhamdulillahi. Nikawa nataka kupiga mtu. Mtu mzima anapita peke yake, jua kali, amevuka mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu, kwa sababu anajua kuitikia salamu! Baba yangu alikuwa amesahau mke wake na nyumba yake, lakini adabu ilikuwa imebaki nzima, na adabu ile ndiyo iliyomficha. Wapi utamwona mtu wa pwani anamshika mzee wa watu njiani, kanzu safi, kofia sawa, amwambie, babu umepotea? Hata mimi nisingethubutu.

Adhuhuri ikanikuta kwenye barabara ya lami inayokwenda Dar. Malori ya mchanga yalikuwa yanapita, moja nyuma ya jingine, upepo wake unakusukuma. Nikasimama kando nikiangalia lami mbele na nyuma. Nilikuwa natafuta kanzu nyeupe, na wakati huo huo naomba nisione kitu cheupe pale chini. Sitaki kueleza zaidi. Nilipiga kelele, "Baba!" kama mtoto, watu wakageuka, na wala sikuona haya.

Mwenye bodaboda akasimama. Alisema amemwona mzee wa kanzu anatembea upande wa Mbegani, ameinua mkono kumsalimu. Nikapanda bila kuuliza bei. Njiani nilisoma kila nilichokijua, na nisichokijua nikakiungaunga. Nilikuwa nachungulia kila ua, kila shimo, kila mfereji. Mwenye bodaboda aliniambia nisimbane hivyo, anashindwa kupumua.

Tulimkuta kabla ya njia ya kuingia chuo cha uvuvi, pale penye safu mpya ya fremu. Moja ilikuwa duka la vitenge. Baba alikuwa nyuma ya meza. Ameweka kofia pembeni, amekunja mikono ya kanzu, anapima kitambaa kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama walivyokuwa wanapima zamani. Nyuma yake majora yote yalikuwa yamepangwa upya, marefu chini, mafupi juu, rangi na rangi yake. Pembeni kikombe cha chai na andazi lililoumwa. Msichana wa duka alikuwa amesimama wima mbele yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

Nilikaa chini kwenye sakafu.

"Unamjua huyu?" nikamwuliza yule msichana.

"Si mzee wake bosi?" akasema. "Bosi yuko Dar. Mzee ameingia asubuhi, nikamwamkia, akaniambia leo tupange mzigo vizuri. Nikampisha."

"Hukumwuliza yeye ni nani?"

Msichana alishtuka kweli kweli. "Dada! Ningemwulizaje mtu mzima, wewe nani?"

Nikataka kumkasirikia, nikashindwa. Alikuwa amelelewa vizuri, basi. Nikamshukuru kwa ile chai. Baba aliniona nimekaa sakafuni, akamwambia yule binti, "Mpe mteja kiti."

Jioni ile nikampigia kaka, nikamweleza yote. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Mfungie. Ukitoka, weka kufuli. Utakuja kumwokota barabarani, na hutajisamehe." Nikamwambia kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, wewe uko Dar na kiyoyozi chako, mimi nimfungie baba yangu kama mbuzi wa Idd? Nikamkatia simu. Lakini jirani naye akasema hivyo hivyo. Imamu akasema, kwa lugha yake ya mviringo, kwamba kumlinda mzazi ni ibada. Na mimi nilikuwa nimeshayaona yale malori.

Nikanunua kufuli. Sikuchukua la bei rahisi. Fundi akapiga vipete vya kutilia kufuli kwenye mlango wa mbele kwa nje, baba akawa anamwangalia akifanya kazi, akamsifu kwamba kazi yake ni nadhifu.

Nilijiwekea sharti: nafunga nikitoka tu, na sitoki ila kwa haja, na narudi mbio. Siku za mwanzo nilikuwa nakimbia kweli, nanunua kitunguu kama mtu aliyeacha moto jikoni. Nikirudi namkuta amekaa kwenye mkeka, kanzu na kofia, makubadhi miguuni, anasubiri. Haulizi kitu. Hanung'uniki. Nikaanza kujiambia amezoea. Kaka akafurahi, akatuma kuku wawili kwa basi. Na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze nikawa nalala mpaka alfajiri.

Juzi nilikwenda kuchukua vifungo na uzi mweupe. Mwuza vifungo ana maneno mengi, na mimi sipungukiwi, nikachelewa kidogo. Niliporudi nilikuta kichochoro kimya, watu wako ndani wanapika cha mchana. Nikapanda barazani kwangu, nikaweka mfuko juu ya cherehani, nikawa natafuta ufunguo kwenye pindo la khanga.

"Hodi!"

Nikageuka nikidhani ni mteja. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Sauti ilitoka ndani, upande wa pili wa ule mlango, karibu kabisa.

"Hodi wenyewe!"

Ilikuwa ya pili, na ilikuwa ya upole zaidi kuliko ya kwanza. Baba yangu, ndani ya nyumba yake aliyoijenga, alikuwa anabisha hodi atoke. Alikuwa anafanya alivyofunzwa na alivyonifunza mimi. Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mwenye adabu hagongi tena wala hasukumi mlango, anajua wenyewe hawapo au hawamtaki, anakwenda zake. Na nikajua kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Siku zote zile nilizokuta amekaa kimya nikasema amezoea, alikuwa ameshabisha, zikatimia tatu, akageuka.

Fundo la khanga likakataa kufunguka. Nikalivuta kwa meno. Ufunguo ukatoka, ukaniponyoka, ukalia sakafuni, nikauokota nikauchomeka kichwa chini.

"Hodi," akasema baba, ya tatu, taratibu.

"Karibu!" nikapiga kelele. "Karibu baba! Karibu, karibu!" Na kufuli halizunguki, na huku ndani nasikia makubadhi yanaondoka mlangoni, yanaburuta, yanakwenda zake.

Nilipofungua alikuwa ameshafika kwenye mkeka, anajiinamisha kukaa, mkono mmoja ukutani. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayempa mwenzake pole ya safari ya bure.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Nimebisha. Wenyewe hawapo."